Nyumbani Tutafungaje?

Tangu Brahim Diaz aifungie Morocco bao lile la Januari 4, 2026 kwenye fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) na Taifa Stars, timu yetu ya taifa, ikarudi nyumbani kutoka hatua ya 16 bora, vijiwe vya Dodoma vimekubaliana jambo moja, na kukubaliana si desturi yetu. Bodaboda wa Sabasaba, mafundi wa Kizota, watumishi wanaokunywa chai ya saa nne kule Mtumba, wote lugha yao moja: beki tunazo, kipa tunaye, kilichobaki ni straika. Apatikane mtu mmoja wa kuuweka mpira wavuni, mambo yatakaa sawa. Hoja hii imezoeleka mpaka inasemwa kama utabiri wa hali ya hewa, hakuna anayedaiwa ushahidi. Mimi naona tumeyasoma matokeo miguu juu kichwa chini. Ukame wetu wa mabao unaanzia mita thelathini nyuma ya mshambuliaji, pale mpinzani anapoamua kukaa golini kwake, akatuachia mpira, nasi tukabaki nao kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Hilo linatutokea zaidi nyumbani kuliko ugenini. Na AFCON ya 2027 tunaiandaa sisi wenyewe, pamoja na Kenya na Uganda.

Nianze na hesabu, kwa sababu ndizo zilizonibadilisha mawazo. Kule Morocco tulicheza mechi nne, tukafunga mabao matatu: la Charles M'Mombwa tulipofungwa 2-1 na Nigeria, penalti ya Simon Msuva katika sare ya 1-1 na Uganda, na la Feisal Salum katika sare ya 1-1 na Tunisia. Pointi mbili zikatosha kutupitisha kama moja ya timu bora zilizoshika nafasi ya tatu, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kushiriki mwaka 1980 kule Nigeria tukavuka makundi. Sherehe ilikuwa halali, hata mimi nililala saa nane usiku. Lakini ukizijumlisha fainali zetu zote nne, yaani 1980, 2019, 2023 na hizi za juzi, tumecheza mechi 13, tumefunga mabao tisa, na hatujawahi kushinda hata moja. Tumeingia 16 bora bila kushinda mchezo. Anayetaka kuisifu safu ya ulinzi ana haki. Anayetaka kuilaumu safu ya ushambuliaji naye ana haki, ila inabidi atuambie ni sehemu gani hasa ya ushambuliaji.

Sasa zitazame mechi za kufuzu, kwa maana huko ndiko timu inakopimwa kwa muda mrefu. Chukua mbio mbili: za kwenda AFCON hii iliyopita, tulipokuwa kundi moja na DR Congo, Guinea na Ethiopia, na za Kombe la Dunia 2026, tulipopangwa na Morocco, Zambia, Niger na Congo-Brazzaville. Katika mbio hizo mbili tulicheza nyumbani mara sita, kwa Mkapa, Dar es Salaam, na Amaan, Zanzibar. Sare ya 0-0 na Ethiopia. Tukafungwa 2-0 na DR Congo. Tukaifunga Guinea 1-0. Tukafungwa 2-0 na Morocco, 1-0 na Niger, 1-0 na Zambia. Mechi sita, bao moja, la Msuva dhidi ya Guinea. Ugenini tulicheza mara saba na tukafunga mabao saba: mawili kwa Guinea, mawili kwa Ethiopia, moja kwa Niger, moja kwa Zambia, moja kwa Congo. (Ule ushindi wa mezani dhidi ya Congo, tuliopewa bila kucheza, nimeuweka kando, mezani hakuna mshambuliaji.) Kama tatizo letu ni kukosa mtu wa kumalizia, basi mtu huyo anakosekana vipi Dar es Salaam na Zanzibar halafu anapatikana Ndola, kule Zambia?

Kuna atakayesema hesabu hiyo nimeitengeneza, kwa kuwa kati ya wageni sita waliokuja wamo Morocco na DR Congo. Ni kweli, na sitaki kujificha. Morocco ilishika nafasi ya nne Kombe la Dunia la 2022, kufungwa nayo si aibu kwa yeyote. Vilevile "ugenini" kwingine kulikuwa ugenini wa karatasi tu: Guinea tuliikuta Yamoussoukro, Ethiopia tuliikuta Kinshasa, Niger tuliikuta Marrakech, yaani viwanja ambavyo hata mwenyeji alikuwa mgeni. Waondoe basi Morocco na DR Congo kwenye mizani, nyumbani na ugenini, pamoja na Congo-Brazzaville ambayo hatukucheza nayo nyumbani. Wanabaki Ethiopia, Guinea, Niger na Zambia, timu ambazo kwenye karatasi hatuna sababu ya kuziogopa. Nyumbani dhidi ya hao wanne tumefunga bao moja. Ugenini dhidi ya hao hao wanne tumefunga sita na kushinda mechi zote nne. Hapo hakuna cha kusingizia ukubwa wa mpinzani. Wapinzani ni wale wale na wachezaji wetu kwa sehemu kubwa ni wale wale. Kilichobadilika ni nani alilazimika kuusogeza mpira.

Mechi ya Ndola, Juni 2024, ndiyo somo lenyewe. Waziri Junior alifunga dakika ya tano, na kuanzia hapo Zambia ndio waliokuwa na deni. Wakapanda, sisi tukarudi, tukafunga geti, na kila tulipoupata mpira kulikuwa na uwanja wazi mbele yetu. Mchezo wa aina hiyo Stars inaujua sana, na inaucheza kwa nidhamu ambayo miaka kumi iliyopita hatukuwa nayo. Ukageuze mchezo huo huo mwaka mmoja baadaye, Niger wamekuja Zanzibar. Niger hawana deni lolote. Wanaweka mistari miwili mbele ya boksi, wanne na watano, na straika wao anatembea tu katikati ya uwanja. Beki wetu wa kati anampasia mwenzake, mwenzake anamrudishia, kiungo mkabaji anashuka kuomba, anageuka anakuta ukuta, anautoa pembeni. Winga anaupokea akiwa amesimama, beki wa pembeni yuko mita kumi na tano nyuma yake, kwa hiyo winga ana machaguo mawili: apige chenga watu wawili au apige krosi ya matumaini. Anapiga krosi. Ndani ya boksi kuna jezi yetu moja na zao nne. Mpira unatolewa kwa kichwa, na kijiweni tunamzomea straika kwamba hajui kuruka.

Upande wa wanaolilia straika wana hoja moja nzito, na nataka niipe heshima yake. Ligi yetu haizalishi wafungaji wa nyumbani. Katika misimu minane kuanzia 2017/18 hadi 2024/25, Watanzania waliomaliza wakiwa wafungaji bora wa Ligi Kuu ni wawili tu: John Bocco, mabao 16 akiwa Simba msimu wa 2020/21, na George Mpole, mabao 17 akiwa Geita Gold msimu uliofuata. Kiatu kingine chote kimevaliwa na wageni: Okwi, Kagere mara mbili, Mayele sambamba na Ntibazonkiza, Aziz Ki, Ahoua. Klabu kubwa zikitaka mabao zinapanda ndege kwenda kuyatafuta nje. Kijana wa Kitanzania anayecheza namba tisa anajikuta benchi, au anasogezwa pembeni, au anapelekwa kwa mkopo mahali ambapo atagusa mpira mara nane kwa mechi. Hilo ni kweli na linauma.

Lakini yatazame tena majina ya hao wawili wa mwisho. Stephane Aziz Ki alifunga mabao 21 msimu wa 2023/24. Jean Charles Ahoua alifunga 16 msimu wa 2024/25. Hakuna straika hapo. Wote wawili ni viungo washambuliaji. Na aliyemfukuza Aziz Ki kwa karibu msimu ule, akiishia na mabao 19, alikuwa Feisal Salum wa Azam, kiungo mwingine, tena Mtanzania, tena Mzanzibari aliyekulia humu humu. Kwa hiyo ligi ile ile tunayoitumia kama ushahidi kwamba hatuna straika inatuambia kwamba mabao siku hizi yanatoka kwa mtu anayefika kwenye boksi akiwa anatoka nyuma, wakati mabeki wameshikwa na mtu mwingine. Mtu huyo tunaye. Tunachokosa ni wale wanaompokonya macho ya mabeki.

Na kama mnataka ushahidi wa upande wa pili, wa straika halisi, mtazameni Mbwana Samatta. Novemba 2019 aliifunga Liverpool kule Anfield akiwa na Genk, kwa kichwa, kutokana na kona. Machi 2020 akaifunga Manchester City fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley akiwa na Aston Villa, tena kwa kichwa, tena mpira ukitoka pembeni. Huyo ndiye mtu ambaye kwa miaka tumemwambia "hafungi akija nyumbani". Samatta wa Ulaya alikuwa akiletewa mpira ndani ya mita sita. Samatta wa Stars alikuwa akishuka mpaka katikati ya uwanja kuutafuta, na mara nyingine ikawa yeye ndiye anayetoa pasi: bao letu pekee la AFCON ya 2023, la Msuva dhidi ya Zambia, pasi ni yake. Ukimleta namba tisa mwingine leo bila kubadilisha njia ya mpira kumfikia, baada ya mechi nne naye atakuwa anashuka katikati, na sisi tutakuwa tunatafuta namba tisa mwingine.

Kuna hoja nyepesi zinazozunguka, nazo nitazipitia haraka. Ya kwanza ni ya uraia: tuwape wageni wanaofunga hapa ligini pasipoti, waivae jezi. Tumeona Januari 2025 wachezaji watatu wa kigeni wa Singida Black Stars, majirani zetu hapo juu, walivyopewa uraia, na kelele zilizofuata. Achilia mbali hisia. Kanuni za FIFA zinamtaka mtu asiye na damu wala mzaliwa wa nchi, aliyehamia akiwa ameshatimiza miaka 18, awe ameishi humo miaka mitano ndipo aichezee timu ya taifa. Pasipoti haifupishi miaka hiyo. Ya pili, ambayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote, inasema wachezaji hawajitumi, hawana uchungu na bendera. Mtu anayesema hivi aniambie basi ni uchungu wa aina gani unaowaka Yamoussoukro na kuzimika Zanzibar, mbele ya mama zao. Kama ni kujituma, nyumbani ndiko tunakokimbia zaidi. Tunakimbia mno, kiasi kwamba ndiyo sehemu ya tatizo.

Hoja ngumu zaidi dhidi yangu ni CHAN ya Agosti 2025, fainali za Afrika za wachezaji wa ligi za ndani. Pale tulikuwa nyumbani, kwa Mkapa, na tulifunga: 2-0 dhidi ya Burkina Faso, 1-0 dhidi ya Mauritania, 2-1 dhidi ya Madagascar, kisha 0-0 na Jamhuri ya Afrika ya Kati, kabla ya Morocco kututoa robo fainali kwa 1-0. Mabao matano kwa mechi tano si ukame. Mbona hapo tuliweza? Jibu liko kwenye orodha ya wafungaji. Clement Mzize alifunga mawili, yote siku moja. Abdul Sopu alifunga penalti. Mawili yaliyobaki yalifungwa na Mohamed Hussein na Shomari Kapombe, beki wa kushoto na beki wa kulia. Dhidi ya Mauritania, mechi ya aina ile ile ya Niger, wageni wamejaa golini na saa inakwenda, ni beki wa kulia aliyejitokeza ndani ya boksi dakika ya 89. Mauritania walikuwa na mtu wa kumkaba Mzize, hawakuwa na mtu wa kumkaba Kapombe, kwa kuwa hakuna aliyemtarajia. Badala ya kunipinga, CHAN inanipa mfano wangu bora. Ila beki wa kulia kufika kwenye boksi dakika ya 89 ni kwa sababu timu imekata tamaa na kila mtu amepanda. Mimi nataka afike pale dakika ya 19, kwa mpango.

Kwa nini hafiki? Hapa lazima tujitazame wenyewe, tunaokaa majukwaani. Alasiri moja msimu uliopita nilikuwa uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, upande wa jua, nimeketi jirani na mzee mmoja mwenye kofia ya pama na kikaratasi cha karanga. Wenyeji walikuwa na mpira. Beki kwa beki, beki kwa kipa, kipa kwa beki, wanavuta wageni watoke. Pasi ya nne, minong'ono. Pasi ya sita, mzee akasimama, karanga zikamwagika: "Mbele! Unarudisha nini, mbele!" Jukwaa zima likamuitikia. Yule beki, kijana wa miaka ishirini na ushee, akatazama jukwaani, nilimwona, akaupiga juu kama anayeondoa nzige shambani. Mpira ukarudi kwao. Mzee akaketi akiwa ameridhika, akaniambia angalau wamejaribu. Dakika ya sabini hivi nilijisikia na mimi nikipiga kelele ile ile. Kumfungua mtu aliyekaa nyuma kunataka subira ya pasi ishirini zinazoonekana hazina maana ili ya ishirini na moja imkute mtu peke yake. Ugenini hakuna anayewapigia vijana wetu kelele ya "mbele" kwa Kiswahili. Nyumbani wako makumi ya maelfu.

Na ligi inalifundisha jambo hilo mapema. Kati ya timu 16, Simba, Yanga na labda Azam na moja nyingine ndizo zinazokutana kila wiki na mpinzani aliyepaki basi, yaani aliyejaa golini kwake. Zilizobaki zimezoea kuwa hao waliopaki. Kijana aliyelelewa Mbeya, Kigoma, Tanga au hapa kwetu anajifunza kusubiri, kukata mpira na kukimbia kwenye uwazi, na anaujua mchezo huo kama anavyoujua mtaa wake. Akifika Simba au Yanga anakuta kazi ya kufungua geti imekabidhiwa mgeni anayevaa namba kumi. Kwa hiyo Stars inapoingia uwanjani inakuwa na wakimbiaji wazuri wengi na wafunguaji wawili, mmoja wao Feisal. Mpinzani mwenye akili anamwekea Feisal mtu wa kulala naye chumba kimoja, na biashara imekwisha. Sehemu za kuchezea nazo hazisaidii; pasi fupi ya chini kwenye nyasi zilizokauka Agosti inaruka kama panzi, na kocha mwenye familia ya kulisha hawezi kuwaambia vijana waendelee nayo.

Hapo ndipo Miguel Gamondi ananipa matumaini kiasi. Kabla ya kupewa Stars alikuwa Singida, na kabla ya hapo ndiye aliyekuwa na Yanga ya 2023/24, ile ya 5-1 dhidi ya Simba na mabao 21 ya Aziz Ki. Timu ile haikumtegemea namba tisa mmoja. Mabeki wake wa pembeni walikuwa wakikaa juu kabisa ya chaki, mawinga wakiingia ndani katikati ya beki wa kati na beki wa pembeni wa mpinzani, na Aziz Ki akitokea nyuma yao. Ilikuwa na watu wanne au watano wanaoingia boksi kwa wakati mmoja na wawili wanaobaki nyuma kuzuia kaunta. Ni hatari, ndiyo. Ukipoteza mpira unaadhibiwa. Ndiyo sababu makocha wa Stars, mmoja baada ya mwingine, wamechagua usalama, na kwa mechi ya ugenini walikuwa sahihi. Iwe ni Gamondi au mwingine atakayekaa benchi 2027, mechi ya kwanza dhidi ya timu ya saizi yetu mbele ya Mkapa iliyojaa haitachezeka kwa usalama, kwa sababu sare itamfaa mgeni.

Nikiambiwa nipange ratiba, ningeanza na mechi za kirafiki. Tumezoea kutafuta majina makubwa, tukafungwa kwa heshima tukasema tumejifunza. Tulichojifunza ni kujilinda, na hilo tulikuwa tunalijua. Stars inahitaji kuleta hapa nchini timu ndogo zinazokaa nyuma, Eswatini, Shelisheli, Chad, Sudan Kusini, mechi ambazo hazina utukufu wowote ukishinda na zina aibu kubwa ukitoka sare. Ichezwe moja hapa Dodoma na nyingine Mwanza, na jukwaa lizoee kuona mpira unarudi kwa kipa bila mtu kumwaga karanga. La pili ni mipira iliyokufa. Timu iliyojaa golini haiwezi kukunyima kona, na kona ni sehemu pekee ya mchezo ambayo mpinzani anakuruhusu uwaingize watu sita kwenye boksi lake bila kukugusa. Kona zetu bado tunazipiga kama watu wanaotimiza wajibu. La tatu ni wale mabeki wa pembeni, na hapa sitaki maelezo marefu kutoka shirikisho la soka, TFF, wala kwa benchi la ufundi. Siku Stars itakapocheza mechi yake ijayo hapa nchini nitakaa nisitazame mpira kwa dakika kumi za kwanza. Mpira ukiwa kushoto, nitamtazama beki wa kulia yuko wapi.